Barua ya wazi kwa Kamati ya mtandao wetu wa jamii: tupeni ruhusa ya kufunga milango

Moshi, Kilimanjaro

Kwa Mwenyekiti, Katibu, Mhazini na wajumbe wa Kamati ya Uendeshaji wa mtandao wa jamii

Ndugu viongozi,

YAH: USALAMA WA RUTA, ANTENA NA VIFAA VYA WANACHAMA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Sisi ni mafundi wa kujitolea na wanachama tunaotumia mtandao unaoshuka kutoka mteremko wa Kibosho kuja Rau, Njoro, Majengo na Pasua. Mambo yaliyomo humu yameshafika mezani kwenu kwa barua na kwa mdomo, na kila mara tumeambiwa tusubiri kikao kijacho. Tunayaandika hadharani kwa sababu hatari hii inabebwa na wanachama, nao wana haki ya kuijua. Kwa usalama wa hao hao wanachama, hatukuweka hapa anwani ya kifaa chetu chochote, nywila, wala mahali kilipofungwa.

Tuseme mapema: karibu yote tunayoomba hayanunuliwi dukani. Yanahitaji ruhusa yenu ya kuzima mtandao kwa saa chache usiku, na uamuzi wa nani ashike funguo. Fundi hawezi kujiamulia mambo hayo mawili, na ndiyo maana barua inakuja kwenu.

1. Nywila moja kwa vifaa vyote

Nywila ya usimamizi ni ileile kuanzia antena za mnarani hadi ile iliyo juu ya paa la mwanachama wa mwisho. Wanaoijua ni mafundi waliopo, mafundi waliohama, vijana waliokuja kwa mafunzo ya vitendo wakaondoka, na kwa kuwa iliandikwa kwenye kundi la WhatsApp, kila aliyewahi kuwamo kundini. Tangu watu hao waondoke haijabadilishwa. Zipo pia antena zilizofungwa zikaachwa na nywila ya kiwandani, na hiyo haihitaji kuibiwa kwa sababu imechapishwa kwenye kijitabu cha maelezo: antena za zamani za kampuni ya Ubiquiti huingiwa kwa jina ubnt na nywila ubnt, na ruta za zamani za kampuni ya MikroTik kwa jina admin bila nywila kabisa.

Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikijaribu jozi zipatazo 60 tu za majina na nywila za kiwandani kwenye kamera na ruta. Ufundi wake haukuwa mkubwa kuliko huo. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa vilivyotekwa hivyo vililemea kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera zile hawakujua kwamba zilikuwa vitani.

Dawa yake tunaijua. Kila kifaa kiwe na nywila yake, herufi 16 au zaidi, iliyotungwa na programu na kutunzwa kwenye faili la KeePassXC, programu ya kuhifadhi nywila. Ufunguo wa faili hilo washike watu wawili, na nakala yake ikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri ofisini kwa Mhazini. Kwenye ruta za MikroTik kila fundi awe na akaunti yake mwenyewe, ili akiondoka ifutwe akaunti moja bila kusumbua wengine. Utaratibu una mpangilio wake: kwanza unaongeza akaunti mpya yenye mamlaka kamili, unatoka, unaingia kwa akaunti hiyo kuhakikisha inafanya kazi, ndipo unafuta ile ya admin. Ukianza na kufuta unajifungia nje, na itabidi kupanda mnara kubonyeza kitufe. Antena zenye airOS, programu endeshi ya Ubiquiti, zina akaunti moja tu ya msimamizi, kwa hiyo huko nywila tofauti kwa kila antena ndiyo njia pekee.

Jambo dogo linalosahaulika: baadhi ya viadapta vya umeme vya antena za Ubiquiti vina kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, na viadapta hivyo tumevifunga madukani na sebuleni kwa watu. Mtoto akikibonyeza kwa sekunde kadhaa, antena inarudi kuwa ya ubnt na ubnt. Kwenye ukurasa wa mfumo wa airOS kuna kisanduku cha kuzima kitufe hicho. Kizimwe kwenye antena zote.

2. Wanachama na mitambo wako chumba kimoja

Hili ndilo linalotutia hofu kuliko yote. Mtandao wetu wote ni uwanja mmoja. Simu ya mwanachama aliye Pasua inaweza kufungua ukurasa wa kuingia wa antena ya mnarani. Anachoweza kufanya mwanachama, programu hasidi iliyojificha ndani ya kompyuta yake inaweza pia, tena usiku kucha bila kuchoka. Ni sawa na nyumba ya kupanga ambayo ukishaingia uani, milango ya vyumba vyote iko wazi mbele yako, pamoja na stoo ya mwenye nyumba.

Yaliyoupata mtandao kama wetu yanajulikana. Mei 2016 kirusi kilisambaa kwenye antena za Ubiquiti za aina ya airMAX M katika nchi kadhaa. Kiliingia kupitia ukurasa wa usimamizi bila kuhitaji nywila, kikaweka akaunti yake yenye jina mother, kisha kikatafuta antena za jirani na kuziingia. Marekebisho ya kasoro ile yalikuwa yametolewa tangu Julai 2015. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha na ambao kurasa zao za usimamizi zilifikika na kila mtu. Antena zetu nyingi ni za ukoo uleule.

Tunachoomba ni kutenganisha njia. VLAN moja, yaani mtandao uliotengwa ndani ya waya zilezile, iwe ya usimamizi peke yake, tuseme namba 99 yenye anwani za 10.99.0.0/24, na ndani yake ziwemo antena, ruta, swichi (vifaa vya kuunganisha waya za mtandao) na kompyuta za mafundi tu. Wanachama wawe kwenye VLAN nyingine, na ruta kuu ikatae pakiti yoyote ya data inayotoka kwao kwenda 10.99.0.0/24. Kazi hii hufanywa kwa kuanzia mbali: antena ya mwisho kwanza, ya kati baadaye, mnara mwishoni. Ukianza na mnara, unakata tawi ulilokalia na antena zote za mbele yake hutazifikia tena. Kwenye MikroTik tunatumia hali ya tahadhari, ile ya kubonyeza Ctrl na X kwenye dirisha la amri, ambayo hurudisha mipangilio ya awali mawasiliano yakikatika kabla hujathibitisha. airOS nayo ina kitufe cha kujaribu mabadiliko, na usipothibitisha ndani ya sekunde 180 inajirudi yenyewe. Vifaa vyenyewe vimetengenezewa kinga dhidi ya kosa la fundi, kwa hiyo woga wa "mtaharibu" una jibu.

Kisha wanachama watenganishwe wao kwa wao. Antena ya kugawa huduma ina chaguo la kuzuia wateja wasionane: kwa airOS unaliwasha, kwa MikroTik unazima default-forwarding. Chaguo hilo linawatenganisha walio kwenye antena moja tu. Antena mbili zinapokutana kwenye swichi moja wateja wao wanaonana tena, na hapo ndipo inapohitajika kutenganisha poti za swichi au kuzipa poti za daraja la MikroTik (kiunganishi cha poti ndani ya ruta) namba moja ya horizon, inayozizuia zisipelekeane data.

Kuna faida ya papo kwa hapo ambayo kila mwanachama ataiona. Mara nyingi mtaa mzima unapopotelewa na mtandao huku taa zote zinawaka, chanzo ni mtu mmoja aliyechomeka waya wa antena kwenye poti ya LAN (ya upande wa nyumbani) ya ruta yake badala ya poti ya WAN (ya kupokea mtandao). Ruta hiyo inaanza kugawia majirani anwani zake zisizofika popote. Mwenye nia mbaya anaweza kufanya hivyohivyo makusudi, agawe anwani ya DNS yake (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani), na mtu anayedhani amefungua ukurasa wa benki akawa mahali pengine. Kanuni moja ya kukataa majibu ya DHCP, huduma ya kugawa anwani, yanayotoka upande wa wanachama, yaani yanayoanzia mlango wa UDP namba 67, inamaliza yote mawili. RouterOS, programu endeshi ya MikroTik, ina uwezo wa kuchuja DHCP ndani ya daraja tangu toleo la 6.43.

3. Programu endeshi za ruta zimezeeka

Aprili 2018 MikroTik walitoa toleo la 6.42.1 kurekebisha kasoro ya Winbox, programu yao ya kusimamia ruta, inayotumia mlango namba 8291. Kabla ya hapo mtu aliyeufikia mlango huo aliweza kusoma faili la akaunti pamoja na nywila zake bila kuingia. Kufikia Agosti mwaka huohuo ruta nyingi, kwanza nchini Brazil, zilikuwa zimegeuzwa kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia vivinjari vya wateja wake.

Somo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2021, jeshi la ruta zilizotekwa lililoitwa Mēris lilipojulikana. MikroTik walieleza kwamba ruta nyingi kati ya hizo ni zilezile zilizoingiliwa 2018: wenyewe walisasisha, hawakubadilisha nywila, na nywila zilikuwa zimeshaibwa. Kwa hiyo utaratibu ni kusasisha kwanza, kisha nywila mpya siku hiyohiyo. Ukibadilisha nywila juu ya programu yenye kasoro, na hiyo mpya itasomwa.

Kabla ya kusasisha, kila ruta ikaguliwe. Kwenye orodha ya kazi za ratiba tunatafuta mstari unaotumia fetch (amri ya kupakua faili) ambao hatukuuweka sisi. Tunaangalia kama SOCKS (huduma ya kupitisha mawasiliano ya wengine) imewashwa, kama kuna muunganisho wa L2TP (handaki la kwenda mtandao mwingine) tusioufahamu (wa Mēris mara nyingi uliitwa lvpn), kama kuna kanuni inayoruhusu mlango 5678 kutoka nje, na kama kuna akaunti isiyo ya mtu wetu. Ruta yenye dalili mojawapo isisafishwe kwa kufuta mstari mmoja mmoja. Ifutwe yote kwa Netinstall, programu ya kusakinisha ruta upya, na mipangilio iandikwe upya, mstari kwa mstari, na mtu anayeelewa kila mstari.

Kusasisha kwenyewe: chukua nakala ya mipangilio, itoe nje ya ruta, anza na kifaa cha mbali, sakinisha, subiri kiwake, kisha /system routerboard upgrade na kuwasha upya mara ya pili. Hatua hii ya pili huachwa na wengi.

4. Huduma zinazowaka bila kazi

Telnet, FTP, ukurasa wa wavuti usio na usimbaji na API vimewashwa kwenye ruta zetu ingawa hakuna anayevitumia. Amri ya /ip service disable telnet,ftp,www,api inavizima, na Winbox na SSH zinafungiwa anwani za VLAN ya usimamizi. Vizimwe pia MAC Winbox (kuingia kwa kutumia anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa) na matangazo ya ujirani upande wa wanachama, kwa kuwa hupita hata pasipo na anwani ya IP, na fundi aliyefunga anwani peke yake atadhani amemaliza.

DNS ya ruta kuu isijibu maswali yanayotoka nje. Ruta inayojibu kila mtu hutumiwa kupiga wengine: mshambuliaji anatuma swali dogo akijifanya ni mtu fulani, na ruta yetu inamrushia mtu huyo jibu kubwa. Sisi tunaona tu kwamba kasi ya kupakia imeisha jioni na wanachama wanalalamika, halafu lawama zinaenda kwa mtoa huduma asiye na kosa.

5. Vocha zinazoisha bila mwenyewe kutumia

Malalamiko haya mnayapata kila wiki na mmekuwa mkiwajibu wanachama kwamba ni simu zao. Mara nyingine ni kweli, simu husasisha programu kimyakimya. Lakini Wi-Fi ya vocha haina usimbaji hewani, na ruta inamtambua mteja kwa anwani ya MAC. Anwani hiyo huonekana hewani na kila aliye jirani, hata kwenye Wi-Fi yenye nywila, na kuinakili ni kazi ya dakika moja. Hotspot ya MikroTik, yaani huduma yake ya vocha, ina chaguo la mac-cookie, ambalo likiwashwa humkumbuka mteja kwa MAC yake, kwa kawaida kwa siku 3. Aliyenakili MAC ya mama muuza matunda anaingia bila kuombwa vocha, na dakika zinakatwa kwa mama yule. Zimeni mac-cookie na fupisheni muda wa kukaa kimya kabla ya kutolewa. Na tafadhali msitegemee tena orodha ya MAC zinazoruhusiwa, wala kuficha jina la Wi-Fi. Vyote viwili havimzuii mtu mwenye nia.

6. Nakala, saa na kumbukumbu

Nakala za mipangilio zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Kwenye RouterOS ya toleo la 6, amri ya /export huandika nywila za Wi-Fi wazi isipokuwa uongeze hide-sensitive. Faili la .backup hubeba hata akaunti, kwa hiyo lipewe nywila lake wakati wa kulitengeneza. Mafaili haya yakae kwenye diski moja iliyosimbwa, na yaliyoko kundini yafutwe. Kwa kuwa hatuwezi kuyafuta kwenye simu za watu waliokwisha kuyapokea, nywila zote zilizomo zihesabiwe kuwa zimevuja.

Ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Umeme ukikatika, zinawaka zikiwa na tarehe isiyo sahihi, na kumbukumbu za matukio, ambazo kwa kawaida ni mistari 1,000 tu kwenye RAM, zinafutika. Mtu akiingia usiku na umeme ukakatika alfajiri, hakuna ushahidi unaobaki. Tunaomba NTP, inayoweka saa sahihi kupitia mtandao, iwashwe kwenye kila kifaa na kumbukumbu zitumwe kwenye kompyuta ndogo moja iliyopo ofisini.

7. Ruta na vifaa vya majumbani

Kamati haina mamlaka juu ya sebule ya mtu, ila ina fundi anayefika kufunga huduma. Fundi huyo asiondoke kabla hajabadilisha nywila ya usimamizi ya ruta ya nyumbani, kuweka usimbaji wa Wi-Fi wa WPA2 yenye AES pasipo ule wa zamani wa TKIP (au WPA3 kama vifaa vyote vinaikubali), kuzima usimamizi wa mbali na kuzima WPS (njia ya kujiunga na Wi-Fi kwa kitufe au PIN). PIN ya WPS ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hutokana na zile za mbele, kwa hiyo majaribio yanayotosha hayazidi 11,000. Hilo limejulikana tangu 2011. Kamera za ulinzi ziwe kwenye mtandao wa wageni wa ruta, maana kasoro zake ni kubwa: ile ya Hikvision iliyotangazwa Septemba 2021 iliruhusu kuitawala kamera bila nywila.

8. Daftari la wanachama

Majina, namba za simu na namba za vitambulisho viko kwenye jedwali moja ambalo mafundi wote wanalifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fundi anahitaji jina na mahali pa antena. Namba ya kitambulisho haimhusu.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema mtandao wetu ni mdogo, nani ahangaike nao. Programu hasidi hazichagui kwa ukubwa. Zinapiga kila anwani kwa zamu. Mtasema hatuna anwani ya umma isipokuwa kwenye ruta kuu. Ni kweli, na hatari ya sehemu ya 2 inatoka ndani, kwa hiyo haijali jambo hilo. Mtasema umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ruta itakufa. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana kazi ifanyike vifaa vikiwa kwenye UPS au betri ya sola, na kompyuta yenye Netinstall iwe tayari. Antena za Ubiquiti nazo hufufuliwa kwa TFTP, njia ya kupandikiza programu upya kwa waya. Ni kazi ya kupanda na kushuka, lakini kifaa hakipotei.

Mtasema wanachama watalalamika huduma ikizimwa. Watangazieni siku tatu kabla, kwa SMS na kwenye mbao za matangazo, na zahanati na shule mziulize kwanza saa inayowafaa.

Gharama halisi ni hizi: UPS moja ya kituo cha mnara kama iliyopo imechoka, kufuli la kisanduku cha chini ya mnara, na kubadilisha zile antena ambazo watengenezaji wameacha kuzitolea marekebisho. Kwa hizo za mwisho hatudai leo. Zikishawekwa nyuma ya VLAN ya usimamizi zinaweza kusubiri bajeti.

Tunachoomba

Ndani ya siku 7: ruhusa ya maandishi ya kubadilisha nywila zote, na majina ya watu wawili watakaoshika ufunguo. Tunashauri mmoja asiwe fundi.

Ndani ya siku 30: usiku wa matengenezo kwa kila tawi, tukianza na Pasua na kumalizia mnarani, kwa ajili ya ukaguzi, kusasisha na kutenganisha njia. Ratiba tumeshaiandaa na tutaikabidhi siku mtakayosema.

Kila robo mwaka: usiku mmoja wa kusasisha uliomo kwenye kalenda ya Kamati, usiohitaji kikao kuidhinishwa upya.

Kuanzia sasa: fundi anapoacha kazi, akaunti yake ifutwe siku hiyohiyo na Katibu atie saini kwamba imefutwa. Na ikigundulika ruta imeingiliwa, wanachama waambiwe ndani ya siku 3 ni kifaa kipi na wabadilishe nywila zipi.

Tukikosa jibu la maandishi ndani ya siku 14, tutaliwasilisha suala hili kwenye mkutano mkuu wa wanachama kwa kura. Hatutagusa kifaa chochote bila idhini yenu, na hakuna fundi kati yetu atakayeacha zamu yake kwa sababu ya barua hii.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi wa kujitolea na wanachama wa mtandao wa jamii, Moshi

Nakala: Wanachama wote, kupitia mbao za matangazo za vituo vya huduma